Ndege wa Mstari wa Tisa

Kwa miaka kumi na moja kituo chetu cha utafiti kilikuwa na ndege ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona. Alijulikana kwa tabia zake tu. Alikula matunda ya mstari wa tisa, basi, mistari mingine hana habari nayo. Alikula matatu kwa kila mti, hazidishi. Aliingia chini ya wavu bila kuuchana, na akishamaliza anaufunga kwa fundo lile lile alilolikuta. Alikula kabla ya saa moja asubuhi, siku za kazi, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kula Jumapili wala sikukuu. Mwaka mmoja alipotea wiki tatu mfululizo, msimu umepamba moto, na Daktari wetu wa matunda akaandika kwamba huo ni uhamaji.

Wiki hizo tatu shangazi yangu alikuwa likizo, anamuuguza dada yake.

Nimeanza kwa kuitoboa siri ili tusipotezeane muda. Mimi ni karani wa masjala wa kituo hicho. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzipiga mhuri, kuzipa namba na kuzipoteza kwa utaratibu. Aliyenitafutia kazi hiyo ni Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, aliyekuwa mhudumu wa bustani pale kabla mimi sijajua kusoma. Kwenye orodha ya vyeo mhudumu wa bustani yuko chini ya mlinzi na juu kidogo ya mbwa wa mlinzi. Watu walimwita Mama Rula kwa sababu mfuko wa ovaroli yake haukukosa rula ya mbao. Aliitumia kupimia urefu wa miti, upana wa majani, kina cha theluji, na siku moja keki ya kumuaga mkuu aliyetangulia, ili pasiwe na manung'uniko.

Huku kaskazini kwetu baridi haina adabu. Jalidi, ule umande unaoganda kuwa barafu, inaweza kushuka mwezi ambao kalenda imechora maua. Wakulima wanapanda viazi na kabichi, jalidi inavuna kabichi, wakulima wanabaki na viazi na malalamiko. Ndipo wakubwa wakaamua kutafuta matunda madogo yasiyoogopa baridi. Yaliletwa ya kila namna, mekundu, meusi, na mengine ya rangi ya chungwa yenye miiba ambayo ilimpeleka Daktari hospitali mara mbili. Mengi yalikufa. Moja lilikaa. Lina jina refu la kigeni ambalo hata Daktari hulisoma akiwa ameshika karatasi, lakini sisi wafanyakazi tuliliita kidole, kwa sababu ni refu kidogo, la bluu yenye vumbivumbi jeupe, sawa na ncha ya kidole cha mtoto aliyeganda kwa baridi. Wageni walishtuka wakimsikia Shangazi akisema vidole vya mwaka huu vimenenepa.

Sasa sikiliza maajabu. Kwenye lango la shamba kulikuwa na kibao cha bati: MATUNDA YA UTAFITI HAYALIWI. Zamani za mkuu wa kwanza dereva alikamatwa na ndoo ya matunda, na tangu siku hiyo kila mtumishi alitia saini kwamba hataonja, hatalamba wala hatamega. Dereva alishakufa, mkuu alishastaafu, kibao kilipakwa rangi kila mwaka. Kwa hiyo wataalamu walitafiti chakula miaka kumi na moja bila mtu hata mmoja kukila. Walipima uzito. Walipima unene wa ganda. Walilinganisha rangi na kile kikadi cha rangi za ukuta kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Kipima sukari kilikuja kweli, lakini kilikuja bila kioo chake, na faili la kufuatilia hicho kioo ninalo mimi masjala, sasa liko juzuu ya pili.

Tarehe ya kuvuna nayo ilitoka kwenye mpango, haikutoka kwenye mti. Mpango ulisema wiki ya pili ya mwezi wa sita, kwa sababu wiki ya kwanza matunda yanakuwa ya bluu, na la bluu si ndilo limeiva? Basi yalivunwa, yakapelekwa maabara mjini, majibu yakarudi: makali kupita kiasi, utafiti zaidi unahitajika. Mwaka uliofuata yakavunwa wiki ile ile, majibu yakarudi yale yale. Sijawahi kuona watu wanaofurahia jibu moja kwa muda mrefu hivyo. Mstari wa tisa pekee haukuvunwa. Uliachwa matunda yaanguke yenyewe, ili Daktari ayahesabu kila asubuhi baada ya chai. Ndiyo maana aligundua kwamba yanapungua, na ndiyo maana ndege alipenda mstari wa tisa. Kwingine kote kulikuwa kweupe.

Shangazi alianza kula mwaka wa kwanza kabisa. Aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Wiki ya pili ya mwezi wa sita alitia kimoja mdomoni, akakunja uso mpaka kofia ikashuka machoni. Akaapa hatarudia. Lakini yeye ni mtu wa kuwapa watu nafasi ya pili, hata baba yangu alipewa, seuze tunda. Wiki mbili baadaye akajaribu tena. Akakaa chini pale pale kwenye mstari, katikati ya matope, mtu mzima na ovaroli yake. Kiapo kikaishia hapo.

Tangu hapo kila msimu alikula matatu kwa mti, moja la juu, moja la katikati na moja la ndani karibu na shina. Hakula kwa uroho. Alikula kwa ratiba, kama mtu anayemeza dawa, na kila alipomaliza aliweka nukta ndogo kwenye daftari la shamba, pembezoni kabisa. Nukta moja maana yake kali, mbili inaelekea, tatu tayari. Wakubwa walidhani ni kalamu inadondosha.

Mimi nilimgundua wiki yangu ya kwanza kazini. Alikuja masjala kuchukua barua, akafungua mdomo kunisalimia, nikaona zambarau.

"Shikamoo Shangazi. Ulimi wako umefanya nini?"

"Marahaba. Wino. Kalamu imevuja."

"Kwenye ulimi?"

"Nilikuwa nafikiri," akasema, akachukua barua zake akaondoka.

Sikuuliza tena. Mtu aliyekutafutia kazi humchunguzi ulimi.

Daktari mwenyewe hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimpenda ndege yule kwa moyo wote. Alisafiri naye ng'ambo mara tatu. Alikadiria uzito wake kutokana na anavyokula, akapata gramu sitini. Alisifu nidhamu yake. Akiwa mkutanoni alionyesha mchoro aliochorewa na mkewe, ndege mdogo mwenye macho ya busara. Akaweka pia sanamu ya kumtisha katikati ya mstari wa tisa, na kwa kuwa alihitaji nguo kuukuu, aliivalisha ovaroli ya zamani ya Shangazi. Ndege hakuogopa hata kidogo. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, ila Daktari hakuwaamini sana wahenga kwa sababu hawakuacha orodha ya marejeo.

Tungeendelea hivyo mpaka leo, lakini mwaka wa kumi na mbili, mwishoni mwa mwezi wa tano, nilipokea barua nene kutoka makao makuu. Niliifungua mwenyewe, nikaipiga mhuri, nikaisoma mara mbili. Kamati inakuja kutathmini tunda. Kwa idhini maalumu, wajumbe wataonja. Wakiliona halifai, miti yote itang'olewa na uwanjani patajengwa ukumbi wa mikutano ya wadau. Tarehe ya ziara: wiki ya pili ya mwezi wa sita.

Chini yake kulikuwa na barua ya pili, nyembamba. Siku hiyo hiyo, mbele ya kamati, mhudumu wa bustani atakayestaafu mwisho wa mwaka atatunukiwa Cheti cha Uaminifu. Niliagizwa nikichape. Nilichapa kwa mikono yangu hii kwamba anatambuliwa kwa kutotumia mali ya kituo kwa manufaa yake binafsi kwa miaka yote ya utumishi wake. Niliharibu karatasi nne.

Nilimpelekea Shangazi habari bandani, anasafisha mikasi ya kupogolea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wiki ya pili?" akauliza. "Siyo ya nne?"

"Ya pili."

"Watakula ndimu hao." Akaweka mkasi chini, akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Kituo bila kuvua buti.

Ofisini kwa Mkuu, juu ya kiti chake, pametundikwa maandishi makubwa ya kudarizi: MVUMILIVU HULA MBIVU. Yaliwekwa hapo kwa ajili ya watu wanaoomba likizo. Shangazi alisimama chini yake, akaomba ziara isogezwe mbele siku kumi na tano tu. Mimi nilikuwa pembeni na faili langu.

"Kwa nini, Mama?" Mkuu akauliza.

"Yatakuwa hayajaiva."

"Lakini yatakuwa ya bluu."

"Nje, ndiyo."

"Sasa Mama, wewe umejuaje ya ndani?"

Shangazi akatia mkono mfukoni, akaishika rula. Angesema nini? Kwamba yanaonekana? Hata Mkuu ana macho. Mkuu akatabasamu lile tabasamu la kumsindikiza mtu mlangoni, akasema kalenda ya kamati si ya kuchezea, na kwamba yeye anamwamini Daktari, na Daktari anaiamini rangi.

Shangazi alikuja masjala akakaa juu ya boksi la faili za kipima sukari. Sijawahi kumwona amekaa saa za kazi.

"Nikinyamaza, miti inakwenda," akasema. "Nikisema, nakwenda mimi."

"Nyamaza, Shangazi," nikamwambia. Nasema ukweli, ndivyo nilivyomwambia. "Imebaki miezi sita tu. Upewe cheti chako, upewe mkono wa kwaheri, ukapumzike. Miti si ya mama yako."

"Niliipanda mimi. Ilikuwa vijiti hivi." Akatoa rula, akanionyesha kwa kidole gumba. "Kila mwaka wakulima wanakuja pale uzioni kuniuliza, Mama Rula, hicho cha bluu ni nini, tupe vipandikizi. Nawaambia subirini, wataalamu wanaangalia. Jalidi inawamaliza kabichi, na mimi nina tunda linaloicheka jalidi, nawaambia subirini. Miaka kumi na moja, mwanangu. Nimewadanganya kuliko nilivyoiba."

"Wakikufukuza je?"

"Naogopa," akasema, waziwazi kabisa, mtu ambaye sijawahi kumsikia akiogopa hata nyoka wa kwenye mbolea. Kisha akainuka, akafuta boksi kwa kiganja, akarudi shambani. Nilibaki naona aibu, lakini bado niliomba anyamaze.

Siku ikafika. Wajumbe walikuwa saba, wakiongozwa na Mwenyekiti aliyevaa viatu vyeupe kuja shambani. Lilisimikwa turubai, vikawekwa viti vyenye mito, na Mkuu akatoa hotuba ndefu kuhusu fursa. Daktari akaeleza ganda, uzito, rangi, na kwa robo saa nzima akamweleza ndege. Nilikuwa naandika muhtasari, sikuthubutu kuinua uso. Shangazi alisimama nyuma na ovaroli mpya, imepigwa pasi, rula mfukoni.

Matunda yaliletwa kwenye sahani ya kioo. Lazima niseme yalipendeza, ya bluu, yamejaa, yana lile vumbi lao jeupe. Kila mjumbe akachukua moja, akasubiri ishara ya Mwenyekiti, wakayatia mdomoni kwa pamoja.

Mjumbe wa kwanza alifumba jicho moja. Wa pili alifumba yote mawili. Mama mmoja wa ugavi alitoa leso akajifanya anapenga. Mwenyekiti ndiye aliyejikaza kuliko wote, kwa kuwa ni Mwenyekiti, lakini shingo yake ilipotea kabisa ndani ya kola.

"Na hili," akauliza alipopata sauti, "ni la kula?"

"Tunaendelea na utafiti, Mheshimiwa," Daktari akasema.

"Leteni maji." Akanywa glasi mbili. "Ndugu wajumbe, nadhani suala limejijibu lenyewe. Andika, Karani. Miti ing'olewe. Kuna jambo lingine?"

Jambo lingine lilikuwa cheti. Mkuu alikisoma kwa sauti ya misa, neno kwa neno, yale maneno yangu ya kutotumia mali ya kituo. Watu wakapiga makofi. Shangazi akapita katikati ya viti, akapokea fremu kwa mikono miwili, akainama kidogo. Nikashusha pumzi. Nikajua yamekwisha, amenyamaza.

Lakini hakurudi nyuma. Aliweka fremu mezani, kando ya sahani ya matunda.

"Naomba kukirudisha," akasema.

"Kurudisha nini, Mama?" Mkuu akauliza.

"Hiki cheti. Nimesikia yaliyoandikwa. Hayanihusu." Akamgeukia Mwenyekiti. "Mheshimiwa, umeelezwa habari za ndege wa mstari wa tisa."

"Nimeelezwa sana."

"Ndege ni mimi."

Turubai lilipigwa upepo, mkufu wa mama wa ugavi ukagonga kikombe. Aliyesimama wa kwanza alikuwa Daktari, na Mungu amsamehe, alisimama kumtetea ndege.

"Haiwezekani," akasema. "Ndege yule ana gramu sitini."

"Mimi nina kilo sabini na mbili, Daktari. Unisamehe."

"Na uhamaji? Nina takwimu za uhamaji!"

"Dada yangu alikuwa mgonjwa. Nilijaza fomu ya likizo, iko masjala."

Wote wakanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Fomu ilikuwepo kweli, moja ya chache ambazo sikuwa nimezipoteza.

"Na Jumapili?" Sauti ya Daktari ilianza kupungua. "Kwa nini hali Jumapili?"

"Jumapili siji kazini."

"Na wavu je? Lile fundo?"

"Fundo ni langu tangu mwanzo. Wavu niliufunga mimi, Daktari. Uliniagiza wewe."

Daktari akakaa. Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa tai, akaifuta muda mrefu kuliko uchafu wowote unavyohitaji. Hapo nilimwonea huruma kwa dhati. Watu wanaachwa na wake zao, lakini kuachwa na ndege uliyezunguka naye dunia, tena mbele ya kamati, ni jambo lingine.

Shangazi alichukua tunda moja kwenye sahani, akalipasua kwa kucha, akalishika mbele ya pua ya Mwenyekiti. Nje bluu, ndani kijani kama jani la mti.

"Hili ni bichi," akasema. "Linavaa rangi mapema kabla halijamaliza kazi. Likishaiva, hata ndani linakuwa jekundu la kuiva, na linaachia mti lenyewe ukiligusa. Wiki mbili bado. Kituo kimekuwa kikivuna mapema kila mwaka. Macho hayawezi kukwambia, Mheshimiwa, na rula haiwezi. Nimeijaribu rula. Ni mdomo tu, na mdomo ulikatazwa langoni. Mimi nimevunja sheria miaka kumi na moja, nifukuzeni, nina haki ya kufukuzwa. Ila msing'oe miti kwa kosa la kalenda."

Mwenyekiti alilitazama lile kijani. Nadhani kilichotuokoa si hekima yake, ni zile glasi mbili za maji. Mtu aliyekula kitu kibaya hivyo hutamani sana kuambiwa kwamba si kosa la kitu, ni kosa la tarehe. Akasema kamati itarudi baada ya siku kumi na tano, na hatua za nidhamu zifuate mkondo wake. Nikaandika. Nilikuwa nalia na kuandika kwa wakati mmoja, na ukurasa ule wa muhtasari mpaka leo una doa.

Walirudi. Mwenyekiti safari hii alivaa viatu vyeusi. Walifunguliwa wavu wa mstari wa tisa, wakaonja kimoja kimoja kwa tahadhari, wakatazamana. Kisha wakaacha kutazamana. Mama wa ugavi aliingia mstarini na mkoba wake, na mwisho wa saa moja hapakuwa na tunda hata la dawa, mpaka chini ya miti pamesafishwa. Ndege wetu katika maisha yake yote hakuwahi kufikia nusu ya hasara ile. Kwenye muhtasari niliagizwa niandike kwamba wajumbe walijiridhisha.

Miti ikabaki. Ukumbi wa wadau ukapelekwa kituo kingine, kilichokuwa kinatafiti maharage. Na Shangazi akapewa barua.

Sheria ni sheria, Mkuu alisema, na alisema kwa huzuni. Cheti kilichukuliwa, lakini fremu walisahau kuidai. Barua ilimwonya vikali asirudie tena kula matunda ya kituo, na ikamtaka ajaze fomu ya Maelezo ya Kosa: alikula nini, lini, kiasi gani, na mali hiyo ilikuwa katika hali gani. Fomu ilikuwa na mistari minne. Shangazi aliomba karatasi za ziada.

Aliomba na madaftari yote ya shamba. Akakaa masjala kwangu siku sita, akizifuata nukta zake moja baada ya nyingine, na akajaza kurasa arobaini na tatu. Mti wa kwanza, mwaka wa kwanza, tarehe fulani, matunda matatu, hali ya mali: kali, meno yanakufa ganzi. Mti huo huo, siku kumi na nne baadaye, hali ya mali: tamu, ganda laini, hakuna lawama. Mti wa saba, mwaka wa jalidi kubwa: maua yaliungua juu, ya ndani yalipona, yalichelewa siku nne, tamu kuliko mwaka jana. Ukurasa wa mwisho akatia saini, na mahali palipoandikwa cheo akaandika: mkosaji.

Daktari alikuja kuisoma kwa sababu alikuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu. Alianza kuisoma amesimama, akaomba kiti. Siku ya tatu alimwita Shangazi.

"Mama, ukurasa wa ishirini na tisa. 'Tamu, lakini mwishoni inakwaruza koo.' Hiyo mwishoni ni baada ya muda gani?"

"Ukishameza. Hesabu mpaka tano."

Akaandika. Walikaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaja kufunga lango, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akimtaja ndege. Alitoa andiko jipya, na mwishoni akamshukuru mtumishi mmoja wa kituo, bila kusema yupi. Shangazi aliposomewa alisema afadhali, gramu zimeongezeka.

Ila wakulima hawakutaka andiko la Daktari. Walikuja dirishani kwangu, kofia mkononi, wakauliza kama wanaweza kupata yale Maelezo ya Kosa. Wapi pa kupanda, mti upi unawahi, uvune lini, yote yalikuwa humo. Nimetoa nakala mpaka mashine imechoka. Na kwa kuwa ni hati ya nidhamu, kila nakala inatoka na mhuri wangu mwekundu wa SIRI, kwa hiyo huku kaskazini sasa kila nyumba yenye vidole uani ina siri ya serikali jikoni.

Shangazi alistaafu mwisho wa mwaka. Hakupewa cheti, alipewa buti mpya. Ile fremu aliipeleka nyumbani, akatia ndani barua ya onyo, akaitundika sebuleni juu ya redio.

Mwezi wa sita uliofuata matunda yakawa ya bluu, na kituo kizima kikapigwa na butwaa. Kipima sukari bado hakina kioo. Mtu wa kuonja aliajiriwa, kijana msomi, akaonja siku tatu akasema yote anayaona sawa. Asubuhi moja Mkuu akaingia garini, akamchukua Daktari, akanichukua na mimi na faili, tukaenda nyumbani kwa Shangazi. Tulimkuta sebuleni anamenya viazi.

"Shikamoo Mama," Mkuu akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. "Tumekuja kukuomba twende ukatuonjee."

Shangazi alinyoosha kisu kuelekea ukutani. "Nimeonywa kwa maandishi."

"Ah, Mama! Hiyo si tumeshaisamehe?"

"Kwa mdomo. Mimi naamini maandishi."

Mkuu alinitazama. Nilitoa karatasi, nikaandika kwa mkono pale pale juu ya ndoo ya viazi iliyofunikwa: kwa barua hii unaagizwa kula matunda ya mstari wa tisa. Mkuu akatia saini juu ya boneti ya gari, mimi nikapiga mhuri. Shangazi akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akavaa buti.

Uzioni wakulima walikuwa wameshajipanga, wanasubiri kujua. Kibao cha bati kilikuwa bado langoni, kimepakwa rangi upya. Alipita chini yake bila kukiangalia, akafungua fundo lake, akaingia kwenye mti wa kwanza. Moja la juu. Moja la katikati. Moja la ndani. Akatafuna taratibu, na Mkuu wa Kituo, na Daktari, na wakulima wote pale uzioni, walikuwa wanautazama mdomo wa mama yule kana kwamba ndiko habari zinakosomwa. Nilijisikia fahari.

"Bado," akasema.

Hakuna aliyebisha. Daktari alifungua daftari la shamba, akatafuta safu ya hasara ya ndege, akaandika: matatu. Kisha akamwuliza Shangazi aweke nukta ngapi.